Krimu, kastadi, maziwa ya kopo, mtindi au tui: saladi ya matunda ya shughuli uichanganye na nini?

Msimu wa shughuli ukikaribia, simu hazikosi. "Dada, ile saladi yako nyeupe ya matunda unaichanganya na nini?" Nami kabla sijajibu huuliza swali langu: bakuli litakaa nje ya friji muda gani? Wengine hudhani nazungusha maneno ili nisitoe siri. Siri hakuna. Nimeshajua tu kwamba ladha utaichagua baadaye. Saa na joto ndivyo vinavyochagua kwanza.

Nilijifunzia Tanga, kwenye harusi ya mpwa wangu. Chakula kilipangwa saa 7 mchana. Nilipiga krimu asubuhi ikasimama kama pamba, nikachanganya na tikiti, papai, ndizi na nanasi, bakuli likapendeza hata watu wakalipiga picha. Msafara wa bwana harusi ukachelewa, hotuba zikafuatana, watu wakaanza kupakua karibu saa 10 alasiri. Nilipofunua bakuli nilikuta maziwa mepesi ya rangi ya waridi, ndizi nyeusi zikielea, na papai limeanza uchungu. Shangazi alichota kijiko kimoja, akanitazama, akasema, "Mwanangu, hii ya kula au ya kunywa?"

Tangu siku hiyo nimejaribu aina 5 za kuchanganyia, zote bila oveni, na kila moja ina mahali pake. Kwa mwenye haraka, hivi ndivyo zinavyosimama zikiwekwa bega kwa bega:

| | Jiko | Kusimama kwenye joto | Utamu wake | Gharama kwa watu wengi |
|---|---|---|---|---|
| Krimu ya kupiga | hapana | duni | mdogo, unaongeza mwenyewe | kubwa |
| Maziwa mazito ya kopo | hapana | wastani | mwingi mno | ya kati |
| Kastadi | ndiyo, dakika chache | nzuri | unaupima mwenyewe | ndogo |
| Mtindi uliochujwa | hapana | wastani | mchachu | ndogo hadi ya kati |
| Tui zito | ndiyo, la kupasha | wastani | wa nazi yenyewe | inategemea nazi |

Jedwali halisemi kila kitu, na mengine ndiyo hasa yatakayokuponza.

Krimu ya kupiga

Hii ndiyo inayotamaniwa na kila mtu, kwa sababu ya sura. Soma boksi kabla hujalipa. Krimu inayokubali kupigwa huwa na mafuta ya asilimia 30 kwenda juu, nyingi ni 35. Ile ya kupikia mara nyingi iko kwenye 20 hivi, na hata uipige mpaka mkono ufe ganzi haitasimama. Kinachoisimamisha ni vitone vya mafuta baridi vinavyoshikana kuzunguka mapovu ya hewa. Joto likipanda mafuta yanalainika, mapovu yanaachiana, umerudi kwenye maziwa. Kwa hiyo friji isiwe ya krimu peke yake: bakuli na vile vyuma vya kupigia navyo viingie humo. Anza kwa mwendo mdogo, ongeza kidogo kidogo, simama pale ukiinua chuma kinabaki kilele kilichoinama ncha. Ukizidisha, inaanza kuchambuka kuelekea siagi, na hapo hairudi. Lita 1 ikipigwa vizuri inakaribia kujaa chombo cha lita 2.

Kuna ile ya unga wa pakiti inayopigwa na maziwa baridi. Inavumilia zaidi kidogo na bei yake ni nafuu, ila huacha utando wa mafuta juu ya ulimi. Mimi siipendi, wala sitamcheka anayeipenda.

Krimu niweke wapi? Nyumbani, watu 10 au 15, friji iko hatua chache kutoka mezani, na bakuli linatoka baada ya sahani za pilau kuondolewa. Hapo haina mpinzani. Nje ya hapo ni bahati nasibu, hasa umeme ukiwa na tabia zake.

Maziwa mazito ya kopo

Mmarekani Gail Borden alipata hataza ya maziwa haya mwaka 1856, zama ambazo friji za nyumbani hazikuwapo na maziwa yakiharibika njiani. Sukari humo, ambayo ni karibu nusu ya uzito wa kopo, inafanya kazi ileile ya chumvi kwenye ng'onda: inayashika maji, vijidudu vinakosa nafasi ya kuzaliana. Ndiyo maana kopo hukaa kabatini miezi na miezi. Lakini ukishalimwaga kwenye matunda, maji ya matunda yanaizimua ile sukari na ulinzi wenyewe unakwisha. Usijidanganye kwamba saladi ya maziwa ya kopo haiharibiki kwa sababu kopo haliharibiki.

Uzuri wake ni kwamba hupigi, huchemshi, unafungua na kumimina. Ubaya ni utamu wa kukereketa koo. Nimewaona watu wakila vijiko 3, kisha wanasogeza kibakuli pembeni kwa adabu.

Dawa yake ni ndimu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi hawajui kinachotokea. Mimina kopo 1 kwenye bakuli, kamulia ndimu 2 au 3, anza kukoroga. Mwanzoni huoni kitu, ndimu inateleza tu pembeni. Ukifika kama mzunguko wa kumi kijiko kinaanza kuwa kizito mkononi, na njia kilikopita inabaki wazi bila kujifunika. Asidi ya ndimu imezishikanisha protini za maziwa, kama inavyotokea maziwa yanapoganda kuwa mtindi. Utamu umepungua makali, na sasa una rojorojo linaloshika matunda badala ya kuteleza hadi chini ya bakuli. Maji ya pasheni yaliyochujwa mbegu yanafanya kazi hiyohiyo, tena yanaleta na harufu yake. Kati ya hizo mbili mimi ni wa pasheni.

Binamu yangu anayeishi Muscat aliniletea njia nyingine aliyojifunza kwa wenzake Wafilipino kazini. Wao huchukua nyama laini ya dafu iliyokwanguliwa nyuzinyuzi, wakaichanganya na maziwa mazito na krimu isiyopigwa, wakaiacha kwenye friji mpaka iwe baridi kabisa. Huiita buko salad, na haikosi mezani kwao Krismasi. Nilicheka niliposikia. Sisi tulio na madafu kila kona tunakunywa maji, tunakomba nyama kwa kijiko cha gandalo, tunalitupa! Nimeijaribu kwa kopo 1 na nusu lita ya krimu kwa nyama ya madafu 6, pamoja na zabibu zilizopasuliwa katikati. Ni tamu, na haidai ufundi wa kupiga.

Kastadi

Nikiambiwa nichague moja tu kwa shughuli za pwani, nachagua hii, ingawa ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. "Kastadi ni ya watoto." Haya, tuone.

Unga wa kastadi ulitengenezwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1837 na Alfred Bird, mkemia ambaye mkewe alikuwa akidhurika na mayai. Aliweka wanga wa mahindi mahali pa yai. Hilo ndilo linalotufaa sisi leo: kwa kuwa hakuna yai, haikatiki kirahisi jikoni, na kwa kuwa kinachoishika ni wanga wala si mafuta wala mapovu, jua la saa 8 haliiyeyushi. Krimu ikilala chini, kastadi bado iko wima.

Kwa watu 30 natumia maziwa lita 1 na nusu, unga wa kastadi vijiko 6 au 7 vya mezani, na sukari vijiko 5. Unga koroga kwanza na maziwa ya baridi kikombe kimoja mpaka madonge yaishe. Maziwa mengine yakikaribia kuchemka, mimina ule mchanganyiko huku mwiko hausimami. Ikishaanza kutoa mapovu mazito ya kupasuka taratibu, iache dakika 2 au 3 zaidi, moto mdogo, ili ladha ya unga mbichi iondoke. Ipua. Funika kwa plastiki safi inayogusa uso wa kastadi yenyewe, vinginevyo inafanya ngozi juu, na ngozi ikivunjwa inageuka vipandevipande ambavyo mgeni atadhani ni kitu kingine. Iache ipoe kabisa ndipo uchanganye. Kastadi ya moto inapika ndizi.

Halafu usionje kwa kijiko kilekile mara mbili. Mate yana kimeng'enya cha kuvunja wanga. Binti mmoja nyumbani alipewa kazi ya kulinda sufuria, akalilinda kwa kuonja na kurudisha kijiko, kuonja na kurudisha. Usiku ilikuwa nzito, asubuhi ilimiminika kama juisi. Nilipomuuliza alikana, ila sufuria lilishamshtaki.

Sasa onyo, nalo ni kubwa kuliko sifa zote nilizozitoa. Kusimama si kuwa salama. Mamlaka za chakula za Marekani huelekeza kwamba chakula cha namna hii kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa 2, na kama joto limepita nyuzi 32 za Selsiasi, iwe saa 1. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, ndani ya turubai, hiyo 32 umeifikia kabla mshereheshaji hajajitambulisha. Krimu ikichoka inajisema yenyewe, inalala. Kastadi haisemi. Inaendelea kupendeza huku imeshaharibika, na mgonjwa atapatikana usiku. Kwa hiyo ukiichagua kwa uvumilivu wake, saa uiangalie wewe.

Mtu anayesema kastadi haina ladha ya sherehe, afanye hivi: kastadi ikiwa baridi, aipige kidogo ilainike, kisha aikunjie krimu iliyopigwa, nusu lita kwa kastadi lita 1 na nusu. Inapata wepesi wa krimu na mgongo wa wanga. Hiyo ndiyo naipeleka siku hizi, na wanaoikataa kastadi huja kuniomba krimu ile niliinunua wapi.

Mtindi

Kwa kifupi: mzuri kwa chakula cha mchana cha familia, wa wastani kwa sherehe. Uchuje kwanza kwa kitambaa safi usiku kucha ndani ya friji. Lita 2 zitabaki lita 1 hivi ya kitu kizito, laini. Tia asali au sukari kidogo. Uchachu wake unakwenda vizuri na embe bivu na tende, vibaya na machungwa. Wengi ambao maziwa mabichi huwajaza tumbo huuweza mtindi, kwa sababu sehemu ya sukari ya maziwa imeshaliwa na vijidudu vilivyougandisha. Ila wageni wa harusi hutegemea utamu, na ukiwapa uchachu watasema umesahau sukari.

Tui la nazi

Hapa nakiri upendeleo. Nimekulia nyumba ambayo mbuzi ya kukunia nazi haikupumzika, na harufu ya kifumbu kilicholowa tui naijua kabla sijaijua ya krimu.

Linalotakiwa ni tui la kwanza, kasimile, lililokamuliwa kwa maji kidogo sana. Kwa watu 30, nazi 6 kubwa zilizokomaa zinatosha. Usilitie bichi kwenye matunda ukaliacha, kwani tui bichi linachacha upesi kwenye joto letu, upesi kuliko maziwa ya boksi. Lipashe mpaka likaribie kuchemka, ukikoroga muda wote lisikatike, pamoja na sukari, hiliki iliyotwangwa, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na kornflawa vijiko 3 vilivyokorogwa kwa maji baridi. Likishakuwa zito, ipua, lipoe, liingie friji.

Kwenye friji litakushtua, maana linakuwa gumu. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kama ulivyoona chupa ya mafuta ya nywele asubuhi ya kipupwe. Usiogope, litoe robo saa kabla, likoroge, litarudi laini. Bila ile kornflawa lingegawanyika, mafuta magumu juu na maji chini, na ukila unasikia punje za mafuta mdomoni.

Tui lina faida mbili ambazo wenzake hawana. La kwanza, asiyekula maziwa anakula, na hahitaji bakuli lake la kando kama mgonjwa. La pili linahusu papai na nanasi.

Papai na nanasi, wale wagomvi wawili

Uchungu ule wa Tanga haukuwa wa papai bovu. Papai bichi kwa maana ya lisilopikwa, hata likiwa limeiva, lina kimeng'enya kinachovunja protini, na nanasi lina chake. Ndiyo maana tunalainishia nyama kwa papai changa. Vikikutana na protini za maziwa vinazikatakata, na vipande vinavyobaki vina uchungu. Dakika 10 huoni kitu. Saa 3 baadaye bakuli zima limechafuka, iwe krimu, kastadi, mtindi au kopo. Tui lina protini chache, kwa hiyo ugomvi hauonekani. Nazi na nanasi vimekaa pamoja kwenye bakuli langu usiku mzima na asubuhi vilikuwa marafiki.

Ukitaka nanasi kwenye bakuli la maziwa, lichemshe dakika chache kwenye maji yake lenyewe, lipoe, lichuje. La kopo lilishapikwa kiwandani, linaingia moja kwa moja. Papai ni gumu zaidi kulituliza kwa moto, nami silipiki. Ninalitia mezani, watu wakiwa wameshika vibakuli, au naliacha kabisa na kuweka embe. Ukipenda kutia vipande vya jeli, nanasi bichi litaiyeyusha kwa sababu hiyohiyo. Na kwenye shughuli ya Waislamu uliza jeli imetokana na nini, kwani gelatini nyingi ni ya nguruwe. Faluda ya mwani inaondoa maswali yote mawili, haiyeyushwi na nanasi wala haina mnyama.

Matunda mengine yana kesi ndogo ndogo. Tikiti ni maji yaliyovaa rangi, kwangu haliingii bakuli la krimu tena. Embe liwe lisilo na nyuzi, ngowe ukilipata. Ndizi kisukari ikatwe mwisho kabisa na kupakwa ndimu. Tufaha ni kwa ajili ya kutafunika. Zabibu za Dodoma zikiwa msimu zinunue. Kila tunda likishakatwa likae kwenye chujio nusu saa, na usilinyunyizie sukari likiwa humo, maana sukari huyavuta maji yote nje, kisha utalaumu krimu.

Basi wewe uko upande gani?

Hitma au maulidi ya watu 100, chakula kinakaa jamvini: kastadi, tena ipakuliwe kwenye vikombe vidogo vinavyotoka friji kwa mafungu. Futari ya jamaa, watu wanafungua kwa saa inayojulikana kwa dakika: tui, kwa kuwa hakuna atakayechelewa. Kitchen party ya watu 20 wenye simu za kupiga picha: krimu, au kastadi yenye krimu ndani. Umealikwa ghafla na duka la karibu lina kopo na pasheni tu: unayo saladi, nenda. Mzee mwenye kisukari yumo: mtindi bila sukari, na matunda yake upime kidogo, kwani tunda nalo ni sukari.

Kipimo changu cha yote ni kikombe 1 cha rojo kwa vikombe 4 vya matunda. Watu 30 wanamaliza kilo 4 na nusu hadi 5 za matunda yaliyokwisha kumenywa na kukatwa, kama kuna chakula kingine kabla yake. Gawa kwenye mabakuli mawili. Moja liende mezani likiwa limekalishwa ndani ya beseni la barafu, la pili libaki kwenye friji au deli mpaka la kwanza lionekane chini. Usimwage jipya juu ya masalia.

Na kijiko cha kupakulia kiwe kirefu. Kifupi huzama, halafu kuna mtu ataingiza mkono.